Kupunguza Mwili kwa Kisu: Ni Operesheni Ipi Ikufaayo?

Miongoni mwa barua zilizoufikia ukurasa huu wa nyumbani, moja imetukaa moyoni kuliko nyingine. Imeandikwa na mke wa sajini wa polisi, nasi tunalihifadhi jina lake kama alivyoomba. Asema kwamba ana umri wa miaka 38, urefu wake ni sentimita 162, na uzito wake kilo 110. Ameugua kisukari kwa miaka sita. Magoti humuuma hata hawezi kulala bila kumeza vidonge vya maumivu, na kila alalapo chali kiungulia humwamsha usiku wa manane, koo likiwaka kama aliyekunywa siki. Amekwisha kujinyima chakula mara nyingi, akanywa na majani ya kila namna yauzwayo sokoni. Akapungua kilo nane, zikarudi kumi.

Sasa jamaa zake wamemchangia fedha ili afanyiwe upasuaji. Lakini kila aendako huambiwa neno lingine. Daktari mmoja amemshauri apunguzwe mfuko wa chakula. Wa pili amesema la, heri ageuziwe njia ya chakula. Jirani yake kambini, ambaye dada yake alitibiwa India, amemwambia atiwe puto tu tumboni na mambo yaishe. Na ifikapo Januari mumewe anahamishiwa Moroto. Mama huyu anatuuliza maneno mawili: achague lipi, na je, baada ya hayo ataweza tena kukaa harusini na kula pamoja na wenzake?

Hatuwezi kumjibu mahali pa daktari wake. Lakini tumeona kwamba watu wengi waendao kutafuta tiba hii huanza na swali lisilo la kwanza. Huuliza ni operesheni ipi ipunguzayo kilo nyingi zaidi. Wangepaswa kuuliza hivi: jeraha likisha kupona, nitaishi wapi, nitakula nini, nitameza dawa gani, na nikiumwa usiku ni nani atakayenipokea akijua nilichofanyiwa? Maana tofauti ya kilo kati ya operesheni mbili kubwa za siku hizi si kubwa sana. Tofauti ya maisha yanayofuata ni kubwa.

Kwanza tujue ni nani afaaye kupasuliwa. Madaktari hutumia hesabu moja rahisi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama yetu ana mita 1.62; ukizidisha kwa 1.62 unapata 2.62, gawanya 110 kwa hiyo, jibu ni 42 hivi. Kwa kanuni zilizotolewa Marekani mwaka 1991, mtu alistahili upasuaji akifika 40, au 35 ikiwa ana maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vilizilegeza kanuni hizo: 35 yatosha hata bila ugonjwa, na mwenye kisukari aweza kufikiriwa tangu 30. Basi mama huyu haendi kutafuta urembo. Anastahili kwa kanuni za zamani na kwa za sasa, na mtu asimcheke kwamba ameshindwa kuufunga mdomo wake. Mwili uliokwisha kuzoea uzito mkubwa huupigania kama askari apiganiavyo ngome. Ukila kidogo, huongeza njaa na kupunguza matumizi.

Sasa tuzitazame operesheni zenyewe. Katika makala hii tukisema mfuko wa chakula tunakusudia kile kiungo kilicho chini ya umio, ambamo chakula husagwa kabla ya kuingia katika utumbo mwembamba. Watu husema tumbo tu, lakini tumbo ni mengi.

Ya kwanza kati ya hizo mbili kubwa twaweza kuiita operesheni ya mkono wa shati, kwa kuwa mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu wake, na sehemu ibakiayo huwa nyembamba ndefu kama mkono wa shati. Kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko hutolewa nje na kutupwa. Njia ya chakula haigeuzwi. Kitakachoshuka kitapita palepale kilipopita siku zote, ila nafasi ni ndogo. Tena ile sehemu iliyotolewa ndiyo itoayo kwa wingi kemikali ya njaa, iitwayo grelini, kwa hiyo wengi hushangaa kwamba si kushiba upesi tu, bali hata ile hamu ya kula imepoa. Hapo mwanzo upasuaji huu ulikuwa hatua ya kwanza tu ya operesheni nyingine ndefu zaidi, wakifanyiwa watu wazito mno ambao haikuwa salama kuwamalizia siku moja. Wapasuaji wakaona kwamba wengi wao wamepungua vya kutosha hata hawakurudi kwa hatua ya pili. Leo ndiyo ifanywayo zaidi duniani kuliko zote. Lakini msomaji alishike hili: kilichotupwa hakirudi.

Ya pili ni operesheni ya mchepuo. Aliyepita Kampala kwa ile barabara izungukayo mji upande wa kaskazini ataielewa mara moja: gari hutoka upande mmoja na kufika upande wa pili bila kuingia katikati ya mji. Mpasuaji hutenga kijifuko kidogo juu kabisa, kiasi cha yai la kuku, kisha huukata utumbo mwembamba na kuuleta juu uungwe na kijifuko hicho. Chakula hupita hapo, kikaruka sehemu kubwa ya mfuko wa zamani na mwanzo wa utumbo. Mfuko wa zamani hautolewi. Hubaki ndani, hai, ukiendelea kutoa maji yake, nayo hukutana na chakula mbele zaidi, kama mito miwili ikutanavyo.

Mwanzilishi wake ni daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, katika miaka ya 1966 na 1967. Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba hata walipotaka kunenepa, akafikiri: basi huenda hasara ya mmoja ikawa dawa ya mwingine. Siku hizo mgonjwa alifunguliwa tumbo lote. Tangu mwaka 1993 ilianza kufanywa kwa vitundu vidogo vitano au sita, mpasuaji akitazama ndani kwa kamera, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani baada ya siku mbili tatu.

Kabla ya Mason palikuwa na nyingine, nasi twaitaja kwa sababu inafundisha. Katika miaka ya 1950 na kuendelea, wapasuaji wa Marekani waliruka karibu utumbo mwembamba wote, wakaacha kipande kifupi tu. Watu walipungua ajabu. Kisha wakaja kuharisha bila kukoma, mawe katika figo, mifupa kulainika, na wengine ini likafa. Ilibidi wengi wafunguliwe tena ili warudishiwe utumbo wao, na operesheni ile ikaachwa. Kwa kipimo cha kilo peke yake ilikuwa imefaulu sana.

Mshipi wa plastiki uliofungwa shingoni mwa mfuko wa chakula nao ulipendwa kwa miaka kadhaa, hasa baada ya kuruhusiwa Marekani mwaka 2001, kwa kuwa haukukata kitu. Lakini mshipi huteleza, hula nyama, na huhitaji kulegezwa na kukazwa mara kwa mara na mtu ajuaye. Wengi wametolewa mishipi yao. Ukiambiwa leo uwekewe mshipi, uliza kwa nini.

Na puto ambalo jirani amelisifu? Puto si upasuaji. Huingizwa mfukoni kwa kupitia mdomoni, hujazwa maji au hewa, na hukaa miezi sita, au mwaka kwa aina nyingine; kisha sharti litolewe. Ndugu zetu wa Tanzania wamelizoea kwa habari za Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila. Lina kazi yake: laweza kumsaidia mtu wa uzito wa kati, au kumpunguza kidogo mtu mzito sana kabla ya operesheni. Lakini likisha kutoka, njaa hurudi mahali pake, na kwa walio wengi kilo nazo hurudi. Kwa mtu wa kilo 110 mwenye kisukari cha miaka sita, puto ni kodi ya nyumba, si nyumba.

Basi tubaki na zile mbili. Kilo zasemaje? Huko Finland watu 240 waligawiwa kwa kura, nusu mkono wa shati, nusu mchepuo, nao wakafuatwa kwa miaka kumi. Hesabu yao haikuwa ya uzito wote, bali ya ule uzito wa ziada uliopita kiasi. Baada ya miaka mitano, wa mkono wa shati walikuwa wamepoteza asilimia 49 ya ziada hiyo na wa mchepuo asilimia 57. Baada ya miaka kumi, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, ilikuwa asilimia 43.5 na 50.7. Mchepuo ulitangulia, lakini haukuacha mwenziwe mbali. Kwa lugha ya mizani ya sokoni, mama yetu aweza kutumaini kupungua robo ya uzito wake au zaidi kidogo, yaani afike kilo 80 hivi, huku akijua kwamba baada ya mwaka wa pili baadhi ya kilo hupenda kurudi. Mwenye kumwahidi kilo 60 na mwili wa msichana amwangalie vizuri.

Ila katika uchunguzi uleule wa Finland kuna jambo limpasalo mama huyu alisome mara mbili. Baada ya miaka kumi, wale wa mkono wa shati waliokutwa na umio uliochubuliwa na asidi walikuwa asilimia 31. Wa mchepuo asilimia 7. Na huko Uswisi, ambako watu 217 walifuatwa kwa miaka mitano, kiungulia kiliwazidi karibu theluthi moja ya wenye mkono wa shati, na 6 tu katika kila 100 wa mchepuo. Sababu yake si fumbo. Mrija mwembamba una mgandamizo mkubwa ndani yake, na asidi ikikosa nafasi chini hupanda juu. Kijifuko cha mchepuo hutoa asidi kidogo mno, na ile ya mfuko wa zamani imetengwa mbali. Mtu ambaye tayari huamshwa na kiungulia kila usiku, akifanyiwa mkono wa shati, aweza kujikuta miaka michache baadaye amerudi mezani ili ageuziwe kwenda mchepuo. Ni visu viwili mahali pa kimoja.

Kisukari nacho chaelekea upande huo. Mwaka 2017 hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani ilitoa matokeo ya miaka mitano ya wagonjwa 150 wa kisukari walioanzishwa pamoja. Waliofikia kipimo kizuri kabisa cha sukari walikuwa asilimia 29 ya wa mchepuo, 23 ya wa mkono wa shati, na 5 tu ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Tuwe waangalifu hapa. Asilimia 29 maana yake ni kwamba wengi hawakuifikia shabaha ile, ingawa hata hao walihitaji dawa chache. Kisukari kichanga hukubali zaidi kuliko cha zamani ambacho kimekwisha kulichosha kongosho. Miaka sita bado ni ya matumaini.

Kwa hiyo, tungesimama hapa, tungesema mchepuo. Lakini kuna Moroto, na kuna magoti.

Tuanze na magoti. Mtu mwenye mchepuo haruhusiwi kumeza ovyo vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, wala aspirini bila amri ya daktari. Pale utumbo ulipoungwa na kijifuko huota vidonda kwa urahisi, na kidonda hicho chaweza kuvuja damu au kutoboka. Mama yetu anavila vidonge hivyo kila siku. Twajua jinsi vinavyouzwa katika kila duka la dawa hapa nchini bila swali, na jinsi daktari wa zahanati anavyoviandika bila kuinua macho. Ni kweli kwamba kilo 30 zikitoka, magoti hupata nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo haiji siku ya pili, na kabla ya kupasuliwa lazima ajaribu kuishi kwa parasetamoli na mazoezi ya viungo, aone kama aweza. Kama hawezi kabisa, hilo ni neno zito la kumwambia mpasuaji, nalo ndilo moja la machache yawezayo kuirudisha mizani upande wa mkono wa shati.

Tumbaku ina hukumu ileile, na hapa twawaambia akina baba zaidi. Avutaye sigara na mchepuo tumboni analiita donda kwa jina lake. Pombe nayo ina hila. Baada ya mchepuo, glasi moja ya waragi huingia katika damu upesi na kwa nguvu kuliko zamani, na imeonekana kwamba watu wengine ambao hawakuwa walevi huanza ulevi mwaka wa pili na kuendelea. Mkono wa shati nao huleta hali kama hiyo kwa kadiri fulani. Askari ambaye jioni yake ni kantini, na mkewe, waliseme jambo hili waziwazi kabla ya siku ya operesheni.

Jambo lingine ni ule mfuko uliobaki ndani. Hauonekani tena kwa mpira wenye kamera upitishwao mdomoni. Katika nchi zetu hizi, ambako vidonda vya tumbo na vijidudu vyake ni vingi, yafaa mtu apimwe kwanza kwa kamera hiyo, na vijidudu vikionekana viuawe kwa dawa, kabla njia haijafungwa.

Halafu kuna Moroto. Ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna madaktari wema. Lakini si kila daktari amewahi kumwona mtu wa mchepuo. Miezi au miaka baada ya operesheni, mwili ukisha kukonda, utumbo huweza kuteleza na kunaswa katika upenyo ulioachwa ndani. Wapasuaji wengi hushona penyo hizo, lakini hatari haiishi kabisa. Mgonjwa huumwa ghafula, tumbo la juu, pengine bila kutapika, na picha ya kawaida yaweza isioneshe kitu. Asiyejua humpa dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani. Ajuaye humpasua siku ileile. Tofauti kati ya hao wawili ni uhai.

Kutapika nako si jambo dogo kwa wote wawili, wa mchepuo na wa mkono wa shati. Atapikaye kwa siku nyingi huishiwa vitamini B1, na upungufu huo huharibu ubongo na mishipa ya fahamu: mtu hupepesuka, macho hucheza, akili huchanganyika. Akifika zahanati akatundikiwa maji ya sukari kabla ya kupewa B1, hali huzidi. Neno hili moja tu, likiandikwa katika karatasi, laweza kumwokoa.

Hiyo karatasi ndiyo tunayoisisitiza. Kabla hajatoka hospitali, mgonjwa aombe barua yenye jina la operesheni, tarehe, mchoro mdogo, dawa zilizokatazwa, na nambari ya simu ya mpasuaji. Aitunze katika mkoba pamoja na kitambulisho chake, na mumewe awe na nakala. Waendao kupasuliwa ng'ambo ndio wahitaji zaidi, maana wengine hurudi na kovu tu na risiti.

Vitamini ni za maisha. Mwenye mchepuo sharti ameze kila siku vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, na apate B12 kwa kidonge au kwa sindano. Damu ipimwe angalau kila mwaka. Mkono wa shati hausamehewi haya, ila upungufu wake kwa kawaida ni mwepesi zaidi. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, tena katika nchi ya malaria, chuma si cha kuchezea. Kwa hiyo fedha za jamaa zisiishie mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Waketi wahesabu gharama ya vidonge vya miaka, nauli ya kurudi kupimwa, na akiba ya dharura. Kama hesabu hiyo haitimii, heri kungoja.

Mume ahusishwe mapema, nasi hatusemi hivyo kwa adabu tu. Katika nyumba zetu nyingi mwili mnene wa mke umehesabiwa kuwa sifa ya mume, kwamba anamlisha. Tena kuna kumbukumbu nyingine. Walio na umri wanakumbuka jinsi, miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulivyoonekana Rakai, watu wakikonda hata kufa, nao ukaitwa silimu kwa sababu ya kukonda kwenyewe. Mtu apunguaye kilo 20 kwa miezi minne, huku nywele zikipukutika kama itokeavyo kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hataepuka minong'ono ya kambini. Nywele huota tena. Maneno hukawia zaidi. Mama na wakubaliane na mumewe watakavyojibu, na watoto waelezwe. Kuficha ni haki yake, lakini ajue kwamba siri hiyo itavaliwa mwilini mbele ya kila mtu bombani.

Kuhusu uzazi, ashauriwe asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mpaka uzito utulie. Unene ukipungua, rutuba huongezeka ghafula, na baada ya mchepuo vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sawasawa. Sindano, kipandikizi au kitanzi ni bora. Na yeyote atumiaye dawa za kila siku, ziwe za kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, amwambie daktari mapema, kwa kuwa dawa nyingine hazinyonywi tena kama zamani.

Wanajeshi wenyewe wameuliza pia, ingawa kwa sauti ya chini. Ofisa wa makao makuu, alalaye kwake kila siku, aweza kuishi na operesheni yoyote kati ya hizi. Lakini askari awezaye kupelekwa Karamoja au Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kwenda mwaka 2007, afikiri juu ya jua na chupa ya maji. Mfuko mdogo hauwezi kupokea maji mengi kwa mkupuo. Huhitaji kunywa funda kwa funda mchana kutwa, na mgawo wa chakula cha vitani haukupangwa kwa mtu alaye mara sita kidogo kidogo. Asibebe vitu vizito kwa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, na kwa mwaka wa kwanza asipelekwe mbali na hospitali. Kwa mtu kama huyo, asiye na kiungulia wala kisukari, mkono wa shati mara nyingi hufaa zaidi.

Wako watakaouliza kuhusu zile sindano mpya. Semaglutide iliruhusiwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021, na tirzepatide mwaka 2023. Zinafanya kazi kweli. Ya pili, kwa kipimo kikubwa, ilikaribia kupunguza asilimia 20 ya uzito katika majaribio. Lakini bei yake ni kubwa kwa mshahara wa sajini, zinahitaji kutunzwa kwenye ubaridi, na zikiachwa, uzito huanza kurudi. Mwenye uwezo wa kuzinunua kwa miaka azizungumze na daktari wake kabla hajalala mezani.

Hatari ya kufa nayo lazima itajwe, kwa kuwa mtu anaiogopa hata akinyamaza. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2009, katika siku 30 za kwanza walikufa kama watu 3 kwa kila 1000, na hao walipasuliwa na mabingwa wenye mazoea. Ajiulizaye mahali pa kwenda asitazame marumaru ya sakafu. Aulize daktari amefanya operesheni ngapi za namna hii, na mgonjwa akivuja usiku ni nani atakayekuja. Mgonjwa naye aliyerudi nyumbani, moyo ukimwenda mbio, akapata homa, akashindwa kupumua vizuri au bega likamuuma bila sababu, asingoje kupambazuke.

Basi, mama, tungekuwa sisi ni ndugu zako tungekwambia hivi. Kiungulia chako na kisukari chako vinaunga mkono mchepuo, na daktari wa pili ana hoja. Lakini usilale mezani mwezi mmoja kabla ya kuhama. Mwombe mumeo aeleze kwa afande wake, ama uhamisho ungoje, ama wewe ubaki karibu na mpasuaji kwa miezi kadhaa huku yeye akitangulia. Tumia muda uliopo kupimwa kwa kamera, kuua vijidudu kama vipo, na kujaribu kuviacha vile vidonge vya magoti. Vikikushinda, rudi kwa daktari wa kwanza mzungumze upya.

Na kuhusu harusi: utakaa, na utakula. Kunywa maji yako nusu saa kabla ya sahani kufika, kisha uyaache mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Anza na nyama au samaki au maharage, utafune mpaka kiwe uji, halafu kijiko cha matoke pamoja na mchuzi wa karanga. Soda mwachie mtoto. Keki pia, kwa kuwa mwenye mchepuo akila vitu vitamu hushikwa na jasho, moyo humdunda, akatafuta pa kulala mbele ya wageni. Wakikuuliza kwa nini sahani yako ni ndogo, waambie umeshiba, maana utakuwa umeshiba kweli.